Hati Kwanza, Mtungi Baadaye

Muuzaji wa vitu vya kale anapotuma picha za mtungi, aghalabu huanza na upande unaovutia: tumbo lenye michoro, limemulikwa vizuri, na nyuma yake pazia jeusi. Kabla sijasema lolote, mimi huomba picha ya kitako, picha ya ndani ya mdomo, na picha ya hati zinazoonyesha mtungi huo umepitia mikononi mwa nani na tangu lini. Picha ya kitako huja upesi, ya ndani ya mdomo huchelewa kidogo, na za hati mara nyingi haziji kabisa. Hapo mazungumzo yetu huishia, hata kama mtungi wenyewe unatamanisha kiasi gani. Nakusanya vyombo vya udongo wa kuchomwa vya ustaarabu wa mwanzo wa Asia, na kwa yeyote anayetaka kuingia katika uraibu huu, neno langu la kwanza ni kwamba ajifunze kusoma karatasi kabla ya kujifunza kusoma michoro.

Uwanja wenyewe ni mpana kupita kiasi. Vigae vilivyochimbuliwa katika pango la Xianrendong, jimbo la Jiangxi nchini China, vilitangazwa mwaka 2012 kuwa na umri wa takriban miaka 20,000, na hilo linatuonyesha kwamba watu walifinyanga na kuchoma udongo maelfu ya miaka kabla ya kuanza kulima. Japani ina vyombo vya Jomon, vyenye alama za kamba zilizobanwa kwenye udongo mbichi, ambavyo Edward S. Morse alivichimbua Omori mwaka 1877. Iran ina bilauri nyembamba za Susa za karibu 4000 KK, zilizochorwa mbuzi wa milimani ambao pembe zao zimepindwa hadi zikawa duara kubwa kuliko mwili wa mbuzi mwenyewe. Asiyejiwekea mipaka hujaza rafu kwa kila kitu na asijue chochote kwa undani. Mimi nimejifunga na maeneo mawili: Gansu na Qinghai kwa upande wa China, na bonde la Indus pamoja na Balochistan, hasa ndani ya Pakistan ya leo. Mesopotamia, ambayo kwa sehemu kubwa ni Iraki ya leo, naitamani kwa mbali.

Mtungi ninaoutazama kila siku ni wa awamu ya Machang ya utamaduni wa kale wa Majiayao, wa huko Gansu na Qinghai, yaani ulifinyangwa kati ya 2300 na 2000 KK. Urefu wake haufiki dhiraa. Shingo ni fupi, tumbo limetanuka sana, kisha kiwiliwili kinasinyaa ghafla kuelekea kwenye kitako kidogo, na masikio mawili yamepachikwa chini kidogo ya pale mtungi ulipo mpana zaidi. Michoro yote iko nusu ya juu: duara kubwa zilizojazwa mistari ya kimiani, na katikati yake viungo vilivyokunjwa vyenye vidole au makucha, ambavyo baadhi ya wataalamu huviona kuwa vya chura na wengine vya binadamu. Nusu ya chini haina hata mstari mmoja, na nadhani mchoraji alijua kwamba anayeutazama mtungi uliowekwa ardhini, akiwa amesimama au amechutama, haoni sehemu hiyo. Ukiingiza mkono ndani, vidole vinakutana na mabonde madogo ya misokoto ya udongo iliyozungushwa mmoja juu ya mwingine, na karibu na shingo, mahali ambapo mkono unapinda kwa shida, kuna vishimo vya ncha za vidole vilivyobana kiungo kisije kikaachia. Nje mtungi ulisuguliwa ukalainika kabla ya kuchomwa. Ndani hakuna aliyejisumbua.

Hati zake ni lebo ndogo iliyobandikwa kitakoni, yenye namba ya wino inayolingana na orodha ya mnada uliofanyika Ulaya katika miaka ya 1930, pamoja na barua ya warithi wa aliyeununua wakati huo. Enzi hizo wakusanyaji wa Ulaya walikuwa wameshaanza kuvijua vyombo hivi kwa sababu ya Johan Gunnar Andersson, mwanajiolojia wa Sweden ambaye mwaka 1921 alichimbua makazi ya Yangshao katika jimbo la Henan, kisha mwaka 1923 na 1924 akawa Gansu, ambako alinunua mitungi mingi kutoka kwa wenyeji. Makumbusho ya vitu vya kale vya Mashariki ya Mbali yaliyoanzishwa Stockholm mwaka 1926 yalijengwa juu ya kazi yake.

Hati hizo hazinisafishi kabisa, wala sidai kwamba zinanisafisha. Mtungi wa namna hii, ukiwa mzima hivi, umetoka kaburini. Huko Liuwan, katika jimbo la Qinghai, uchimbaji ulioanza mwaka 1974 ulifichua zaidi ya makaburi 1,500, na moja kati ya hayo lilikuwa na vyombo vya udongo zaidi ya 90 wakati mengine yalikuwa na vichache tu. Kutokana na tofauti ya namna hiyo, wanaakiolojia wanaweza kujadili nani alikuwa tajiri, nani alikuwa na watu wengi wa kumzika, na jamii ilianza lini kugawanyika kati ya wenye vingi na wenye haba. Mtungi wangu hauwezi kuingia katika mjadala huo. Haijulikani ulizikwa peke yake au na wenzake tisini, uliwekwa kichwani au miguuni, kwa mzee au kwa mtoto. Lebo ya miaka ya 1930 hairudishi lolote kati ya hayo. Inachothibitisha ni kwamba kaburi hilo halikufukuliwa kwa sababu ya pesa yangu. Kwangu mimi hicho ni kiwango cha chini kabisa, na chini ya hapo sishuki.

Kitako na ndani ya mdomo navyo vina habari zake. Udongo huu huchomwa kwa moto wa wastani, kwa kawaida kati ya nyuzi joto 700 na 1,000 za Selsiasi, kwa hiyo hauivi ukawa kaure. Hubaki na vinyweleo vinavyonywa maji. Joko likipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hushika oksijeni na chombo kikawa chekundu. Hewa ikizibwa, chombo hutoka cha kijivu au cheusi. Wafinyanzi wa utamaduni wa kale wa Longshan, huko Shandong nchini China, waliimudu njia hii ya pili kiasi cha kutengeneza vikombe vyeusi ving'aavyo ambavyo unene wa ukuta wake haufiki milimita moja. Katika vyombo vya kawaida, mahali palipobanduka huonyesha kiini cha kijivu kati ya tabaka mbili nyekundu, kwa sababu moto haukudumu kiasi cha kuunguza masalia yote ya mimea yaliyokuwa ndani ya udongo. Chombo kinachodaiwa kuwa cha miaka 4,000, kikawa na wekundu ule ule tangu ngozi ya nje hadi kiini, pande zote, hunifanya nikunje uso.

Kwa upande wa Indus napenda vitu duni. Harappa na Mohenjo-daro, miji ambayo mwanaakiolojia John Marshall aliitangazia dunia mwaka 1924 na ambayo ilistawi kati ya 2600 na 1900 KK, iliacha mitungi mikubwa myekundu yenye michoro myeusi ya majani ya mti wa pipal, tausi na duara zinazokatana, na hiyo ndiyo inayogombewa minadani. Mimi ninavyo vitu vya aina nyingine: vipande vya pembetatu vya udongo ambavyo miji hiyo ilivitapakaza kila mahali, gurudumu la kigari cha kuchezea, na bilauri moja yenye kitako kilichochongoka ambayo haiwezi kusimama yenyewe. Bilauri za aina hiyo zilitengenezwa kwa wingi na kutupwa kwa wingi, na ya kwangu inaonyesha haraka ya mfinyanzi wake. Mistari ya gurudumu inapanda kwa kuzunguka tangu chini hadi ukingoni, na karibu na kitako kuna donge la udongo lililoshikamana pale chombo kilipokatwa kutoka kwenye gurudumu, ambalo kwa kupitisha kidole gumba mara moja lingeondoka. Hakupitisha. Pamoja na vitu hivyo kuna barua inayoonyesha kwamba vilisafirishwa kabla ya mwaka 1947, na barua hiyo ina maneno mengi kuliko thamani ya vyombo vyenyewe sokoni. Vitu duni vina faida nyingine pia: mghushi hapotezi muda wake navyo, na mfukua makaburi huviacha palepale.

Kuhusu kughushi, kisa ambacho kila mkusanyaji anapaswa kukijua ni cha Hacilar, kusini-magharibi mwa Uturuki. Mwanaakiolojia James Mellaart alichimbua kijiji hicho cha kale kuanzia mwaka 1957 hadi 1960, na mara baada ya hapo soko lilifurika vyombo vyenye michoro mizuri ya rangi nyekundu na sanamu za wanawake zilizodaiwa kutoka huko. Makumbusho makubwa yalinunua, na wakusanyaji binafsi walinunua. Mwaka 1971 yalichapishwa matokeo ya vipimo vilivyofanywa Oxford kwa vitu 66 vya mtindo wa Hacilar vilivyokuwa katika makusanyo mbalimbali, na 48 kati yake vikaonekana kuwa vya kughushi. Wataalamu waliovikubali hawakuwa wajinga. Walivilinganisha na vile walivyovijua, na waghushi nao walikuwa wamevilinganisha na vilevile.

Kipimo kilichotumika huitwa themoluminesensi. Chembe za madini ya kwatsi na feldispa zilizomo kwenye udongo hukusanya nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili inayozizunguka, na zikipashwa moto mkali, zaidi ya nyuzi joto 500 hivi, huitoa nishati hiyo kwa namna ya mwanga hafifu. Moto wa joko huimaliza nishati hiyo, na tangu siku ile chembe zinaanza kukusanya upya. Mtaalamu hutoboa sehemu isiyoonekana, kwa kawaida chini ya kitako, akachukua unga kidogo, akaupasha moto na kuupima mwanga wake: mwanga mwingi ni ishara ya miaka mingi tangu kuchomwa. Matokeo yana kosa la karne kadhaa kwa chombo cha zamani sana, jambo ambalo halisumbui, kwa sababu swali linaloulizwa ni kama chombo kilichomwa miaka 4,000 iliyopita au juzi.

Tatizo ni kwamba cheti cha kipimo hiki huuzwa kama neno la mwisho, nacho sicho. Kwanza, kinahusu mahali palipotobolewa tu. Kitako cha kale kikiunganishwa na mwili mpya uliopakwa vumbi na gundi, kitako hicho kitafaulu kwa heshima zote. Pili, mionzi mikali ya kutengenezwa inaweza kuzijaza chembe nishati ambayo hazikuikusanya kwa karne. Tatu, na hili ndilo linalowaumiza wapenzi wa Majiayao, kipimo hupima udongo na hakipimi mchoro. Ipo mitungi halali ya Machang ambayo ilikuwa na michoro hafifu au haikuwa na michoro kabisa, ikauzwa kwa bei ya kutupa, na baadaye ikaonekana tena sokoni ikiwa imejaa vyura na duara za kupendeza. Udongo ni wa kweli, cheti ni cha kweli, na kinacholipiwa ni kazi ya mwaka jana.

Hapo ndipo jicho linapohitajika, pamoja na kioo cha kukuza. Rangi nyeusi ya mitungi hii ilitiwa kabla ya kuchomwa, kwa hiyo imeshikana na ngozi ya udongo, na kitambaa chenye asetoni kikiguswa pembeni hakitoki na weusi. Ufa uliotokea baadaye hukata mchoro na kuonyesha udongo mtupu ndani yake. Mchoro ukiingia ndani ya ufa, au ukipita juu ya utando wa chokaa ulioachwa na maji ya ardhini, basi aliyeuchora aliukuta mtungi ukiwa tayari mzee. Alama za mizizi nazo husaidia, vijistari vyembamba vilivyojipinda bila mpangilio ambavyo hupita juu ya mchoro na juu ya udongo mtupu bila kubagua. Taa ya urujuanimno huonyesha viraka vya gundi na rangi za kisasa kwa sababu huwaka tofauti na udongo unaovizunguka. Kiraka si dhambi, ilimradi muuzaji amekitaja. Asiyetaja kiraka kimoja, huenda kuna vingine ambavyo hakuvitaja.

Narudi kwenye hati, kwa kuwa siku hizi si suala la dhamira peke yake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni ndio umekuwa mpaka unaokubalika na makumbusho mengi: kitu ambacho hakithibitishwi kuwa kilitoka katika nchi yake kabla ya mwaka huo, au kwamba kilitoka baadaye kwa kibali, hakinunuliwi. India ilipitisha sheria yake ya mambo ya kale mwaka 1972, ambayo inamzuia mtu binafsi kusafirisha nje kitu chenye zaidi ya miaka 100, na Pakistan ikatunga ya kwake mwaka 1975. Tangu Januari 2009 Marekani imezuia kuingizwa kwa vitu vya kiakiolojia kutoka China, kuanzia vya zama za mawe hadi mwisho wa enzi ya Tang, visivyo na hati zinazotakiwa. Mkusanyaji anayesema hajui mambo haya amechagua kutoyajua.

Na mambo yakiharibika, huharibika kwa uwazi. Mwaka 2006 maofisa wa forodha katika uwanja mmoja wa ndege wa Paris walifungua kifurushi kilichotoka Pakistan na kukuta vyungu vilivyoandikwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Maelezo hayo hayakuwa uongo. Ni kwamba yalipunguza kama miaka 4,000. Uchunguzi uliofuata ulifichua mamia ya vitu vilivyofukuliwa makaburini huko Balochistan, na mwaka 2019 Ufaransa ikarudisha takriban vitu 450. Thailand nako kuna kijiji cha Ban Chiang, ambako mwaka 1966 mwanafunzi mmoja wa Kimarekani alijikwaa kwenye mzizi na kuona midomo ya vyungu ikichungulia kutoka ardhini. Kabla ya uchimbaji mkubwa wa kisayansi wa mwaka 1974 na 1975, vyombo vyake vyenye michirizi myekundu juu ya udongo wa rangi ya maziwa vilikuwa vimeshachimbwa na kuuzwa ovyo, hata serikali ikalazimika kupiga marufuku mwaka 1972. Eneo hilo likaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1992, na bado mwaka 2008 maofisa wa serikali ya Marekani walipekua makumbusho kadhaa ya California wakitafuta vyombo vya huko. Mimi chungu cha Ban Chiang sinunui. Ninaambiwa mara kwa mara kwamba vipo vilivyotoka mapema na kwa njia halali, na sibishi. Ila cha namna hiyo chenye hati za kuaminika sijaonyeshwa.

Kuhusu utunzaji nitasema machache, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni kujizuia. Usioshe. Udongo uliokaa ardhini karne nyingi umenywa chumvi, na chumvi hiyo huyeyuka unyevu unapopanda na kuganda unapokauka, ikisukuma ngozi ya chombo hadi ikabanduka pamoja na mchoro. Ukiona unga mweupe au sindano nyeupe juu ya chombo, ni hiyo. Mhifadhi aliyesomea anaweza kukiloweka katika maji yaliyotoneshwa na kuyabadilisha mara kwa mara hadi chumvi iishe, lakini chombo kilichochomwa kidogo au kilichopakwa rangi baada ya kuchomwa kinaweza kuharibika kwa tiba hiyohiyo. Hewa isiyobadilika sana ndiyo dawa ya mtu wa kawaida. Asidi inayouzwa kwa ajili ya kuondoa chokaa usiikaribie, maana itaondoa na ushahidi. Kipande kikiachia, gundi ambayo wahifadhi wengi hutumia ni Paraloid B-72, kwa sababu huyeyuka tena kwa asetoni na anayekuja baadaye anaweza kurekebisha.

Kila chombo nilicho nacho kina bahasha yake, na ndani yake kuna nakala za hati, picha za pande zote pamoja na kitako, na maelezo ya viraka vyote ninavyovijua. Bahasha haikai pamoja na chombo, ili janga moja lisivichukue vyote viwili, na namba ya bahasha imeandikwa kwa penseli laini mahali ambapo haionekani. Mrithi asiyependa vyungu atavichanganya, atatupa karatasi zinazoonekana kuukuu, na kwa kufanya hivyo atakuwa amegeuza vyombo halali kuwa vyombo vya mashaka.

Kwa sasa ninatafuta bakuli la Uruk lenye ukingo uliokatwa kwa mshazari, chombo kinene, kibaya wa sura, chenye vinyweleo kama mkate, kilichobanwa kwenye kalibu katika milenia ya 4 KK na kupatikana kwa maelfu katika maeneo ya kale ya Mesopotamia. Wengine husema lilikuwa la kupimia posho ya wafanyakazi na wengine la kuokea mkate. Iraki ilivifanya vitu vya kale kuwa mali ya dola kwa sheria ya mwaka 1936, na azimio namba 1483 la Baraza la Usalama la mwaka 2003 limepiga marufuku biashara ya vilivyotolewa humo isivyo halali tangu Agosti 1990, kwa hiyo njia iliyobaki ni nyembamba: bakuli lililotolewa kwa kibali katika ule mgawanyo wa zamani kati ya Iraki na taasisi zilizogharimia uchimbaji, likiwa bado na namba ya uchimbaji kwa wino chini yake. Nimeonyeshwa mengi yasiyo na namba. Yenye namba huuzwa kwa bei inayozidi sana ile ya yasiyo nayo, ingawa ukiyaweka pamoja huwezi kuyatofautisha, na hiyo ndiyo bei ninayoiwekea akiba.